We Ulichezaka Wapi?



Leo tunaandika historia, lakini tunaanza na jambo lililotokea hapa kwetu kambini, juu bila jambo hilo tusingeenda kutafuta historia yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mechi ya hangari tatu na hangari tano. Uwanja wetu mnaujua: upande mmoja unashuka, goli ni miti miwili ya mikaratusi, na mpira ukitoka upande wa chini unaenda mpaka kwenye migomba ya watu. Tulikuwa na megafoni ya kuazima. Aliyekuwa anatangaza ni mzee mmoja ambaye sisi wote tunamwita Papa Kochi. Zamani alicheza mpira Bukavu, na alicheza kweli, wapo wazee hapa waliomuona kwenye uwanja wa Kadutu. Pembeni yake alikaa kijana mmoja wa magongo. Mguu wake mmoja haufanyi kazi tangu utotoni. Hajawahi kucheza mechi hata moja. Lakini ana daftari, na ndani ya daftari kuna kila mechi iliyochezwa hapa tangu tufike: nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alitoka, nani aliingia.

Kipindi cha pili beki mmoja wa hangari tano akaanza kutembea. Mpira unapita karibu yake, anauangalia tu. Mwisho akakaa chini kabisa. Papa Kochi akasema kwenye megafoni: "Muone ule! Ni muvivu, alikula akashiba!" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, tusijifanye. Ndipo kijana wa magongo akasema, "Papa, haiko muvivu. Iko na kidonda ku muguu." Papa Kochi akamgeukia, megafoni bado iko mdomoni, uwanja mzima ukasikia: "Weye mutoto, we ulichezaka wapi?"

Kijana akafunga daftari. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Kidonda kilikuwa cha kweli. Yule beki alikuwa ametembea siku nyingi kabla ya kuvuka mpaka, unyayo ukachanika, ukafunga juu lakini ndani bado. Aliingia uwanjani kwa sababu timu yake ilikuwa na watu kumi. Kijana wa magongo alijua, juu wanalala mkeka kwa mkeka.

Wiki nzima tulibishana. Wengine walisema Papa Kochi ana haki: mpira ni wa waliocheza, mtu ambaye hajacheza achambue nini? Wengine walisema hapana, macho hayana viatu. Ni ubishi ambao mtausikia kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Bukavu, kila mchambuzi wa redio anaposema jambo ambalo shabiki hakulipenda. Swali la kwanza ni lilelile: huyu alicheza timu gani? Basi tukaenda kuuliza wazee, tukasoma kwenye simu, tukasikiliza. Haya ndiyo tuliyopata.

Mtu wa kwanza kwenye maiki

Mpira wa miguu ulitangazwa kwenye redio ya BBC kwa mara ya kwanza tarehe 22 Januari 1927. Arsenal walicheza na Sheffield United, London, wakatoka 1-1. Aliyeshika maiki aliitwa Teddy Wakelam. Mtu huyu alikuwa mchezaji, ndiyo, lakini wa raga! Wiki moja kabla alikuwa ametangaza mechi ya raga ya Uingereza na Wales, wakaona sauti yake ni nzuri, wakamleta kwenye soka.

Kulikuwa na shida moja: msikilizaji haoni. Wakachora uwanja kwenye gazeti lao la ratiba, wakaugawa vyumba vinane vyenye namba. Wakelam alikuwa anaeleza mchezo, na mtu wa pili anataja namba ya chumba ambacho mpira upo. Msikilizaji anakaa na gazeti mezani, anafuata kwa kidole.

Tazameni kazi ilikuwa nini. Hakuna aliyemuuliza Wakelam kama anajua kupiga kona. Walitaka aangalie kwa niaba ya watu wasioona, aseme kweli aliyoiona. Kazi ya mtangazaji ilizaliwa hivyo, kama kazi ya macho ya kuazima.

Kwetu pia ilienda hivyo. Wazee wetu walikua na redio za betri. Upande wa Bukavu na upande wa Cyangugu walishika mawimbi yaleyale, juu sauti ya redio haiombwi jeto kwenye daraja la Rusizi. Waliokuwa wanashika Kiswahili cha Kenya wanamkumbuka Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, aliyetutoka mwezi wa pili mwaka 2025. Huyu ndiye ambaye wanajeshi walioasi tarehe 1 Agosti 1982 walimchukua kwa nguvu akatangaze kwamba serikali imepinduliwa, maana walijua nchi nzima inaiamini sauti yake. Imani hiyo hakuipata kwa magoli. Aliipata kwa miaka ya kutangaza habari, vipindi na mpira, mpaka mtu aliye kijijini akajiona amekaa uwanjani Nairobi.

Waliocheza walipataje kiti

Sasa, ni lini ilianza desturi ya kuwaweka mezani watu waliocheza? Mwaka unaotajwa sana ni 1970, wakati wa Kombe la Dunia la Mexico. Televisheni ya ITV ya Uingereza iliweka studioni watu wanne wabishane: Malcolm Allison, kocha aliyewahi kucheza, pamoja na Derek Dougan, Pat Crerand na Bob McNab, ambao walikuwa bado wachezaji wa ligi. Walibishana kweli, walitaniana, walikosana, na watu nyumbani wakapenda. Kabla ya hapo mtangazaji alieleza nini kimetokea. Kuanzia hapo akatafutwa mtu wa kueleza kwa nini kimetokea, na kila televisheni ikafikiri kwamba "kwa nini" anaijua aliyevaa jezi.

Hatutaki kuidharau sababu hiyo. Kuna mambo ambayo aliyecheza anayajua mwilini. Tuchukue Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwezi wa kwanza 2024. Congo na Misri walitoka sare, wakaenda penalti, zikapigwa mpaka makipa wenyewe wakaitwa. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Akaja kipa wetu Lionel Mpasi, akaweka mpira, akafunga, 8-7. Sisi tuliokuwa tunatazama tulijua tu kuruka na kukumbatiana. Papa Kochi ndiye aliyetueleza jinsi miguu inavyokuwa mizito ukitembea kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye alama, jinsi goli linavyoonekana dogo, na kwa nini kipa saa ingine anapiga vizuri kuliko mshambuliaji: anajua kipa mwenzake anaogopa nini. Maneno hayo hayapo kwenye daftari lolote.

Lakini mwaka huohuo, aliyekuwa waziri wa michezo wa Congo ni François Kabulo Mwana Kabulo. Watu hawakumjua kwa jezi. Walimjua kama mwandishi wa habari za michezo, sauti ya mpira kwenye televisheni ya taifa, kabla hajaingia serikalini mwaka 2023. Na huko Italia, Arrigo Sacchi alikuwa muuza viatu, hakuwahi kucheza soka ya kulipwa. Alipopewa Milan mwaka 1987 watu walimcheka. Akajibu kwamba yeye hakujua kama ili uwe mpanda farasi lazima kwanza uwe farasi. Kisha akachukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1989 na 1990. Sacchi ni kocha, siyo mchambuzi, tunajua. Lakini kama mtu ambaye hakucheza anaweza kuwaambia wachezaji wa Milan wasimame wapi, basi anaweza pia kutuambia sisi kwa nini beki alisimama vibaya.

Mpaka hapa kila upande una hoja yake, tungeweza kusema sare tukalala. Lakini mzee mmoja alituambia: "Hamujatafuta karibu. Muulize Mwepu."

Mwepu na ule ukuta

Mwaka 1974 nchi yetu iliitwa Zaïre. Mwezi wa tatu mwaka ule Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika pale. Tarehe 14 Juni Scotland wakatufunga 2-0. Tarehe 18 Yugoslavia 9-0. Tarehe 22 Brazil 3-0.

Mechi ya Brazil ndiyo dunia inaikumbuka. Karibu na mwisho, Brazil wamepata mpira wa adhabu. Leopards wamepanga ukuta. Wabrazili wanashauriana nani apige. Mara beki Mwepu Ilunga anatoka kwenye ukuta mbio, anafika kwenye mpira na kuupiga mbali kabisa. Refa akampa kadi ya njano. Wabrazili wakashangaa. Mwepu akainama kama mtu anayeuliza: nimefanya nini?

Watangazaji wa Ulaya wakasema ni ujinga, Mwafrika huyu hajui sheria. Kwa miaka mingi picha ile ilirudiwa kwenye vipindi vya kuchekesha, na kila mara kelele za kicheko juu yake. Wengi wetu tuliiona kwenye simu tukiwa wadogo, na sisi tukacheka, hatukujua kwamba tunamcheka baba yetu.

Jamani, mtu aliyechukua Kombe la Afrika miezi mitatu kabla, hajui mpira wa adhabu ni nini? Hata bila kucheza, akili ya kawaida tu ingekufanya usite.

Miaka mingi baadaye waandishi walimuuliza mwenyewe. Akasema sheria alizijua vizuri, alifanya makusudi. Alieleza kwamba wachezaji hawakupewa pesa walizoahidiwa, na yeye hakuona kwa nini ajiumize uwanjani wakati wakubwa wamekula pesa. Alieleza pia kwamba baada ya zile 9-0 walinzi wa rais Mobutu walikuja hotelini, wakawafukuza waandishi, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne hakuna atakayerudi nyumbani. Hesabuni: Brazil walifunga matatu. Ule mpira aliopiga Mwepu ulikula sekunde kadhaa za mechi ambayo kwake haikuwa mchezo.

Mwepu alifariki mwaka 2015.

Hapo ndipo ubishi wetu ulibadilika. Tuliulizana: nani angeweza kulichambua lile tukio vizuri siku ile? Aliyecheza angesema, "Mimi nisingefanya hivyo," na angekuwa anasema kweli, juu hakuna aliyemtishia kutorudi kwao. Ambaye hakucheza angefungua kitabu cha sheria, akasoma kosa, akataja kadi. Wote wawili wangekosa. Angepata yule tu ambaye angeshuka ngazi, akaenda kwenye mlango wa hoteli, akauliza: ninyi mmekuja hapa na shida gani? Na akifukuzwa, basi angalau aseme kwenye maiki, "Kuna kitu hapa sikielewi." Neno hilo lingetosha kumfichia Mwepu aibu ya miaka mingi.

Dakika moja ya kimya kwa mtu aliye hai

Kuna mwingine wa timu ileile, na huyu sisi wakimbizi tunapaswa kumjua zaidi.

Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa kwenye Kombe la Afrika la 1974. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2 ikarudiwa, wakashinda 2-0, na mabao yote manne ya Congo alifunga yeye. Mabao tisa kwenye mashindano mamoja, hakuna aliyeyapita. Kule Ujerumani, katika mechi ya Yugoslavia, refa alimtoa nje kwa kosa la kumpiga teke refa, na aliyepiga teke hakuwa yeye. Alikuwa Mwepu huyohuyo. Refa alikosea mtu.

Mwaka 1994 walimuita Tunisia kwenye Kombe la Afrika, wakampa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, wakifikiri amerudi na pesa, wakampiga risasi ya mguu. Yaani mguu uleule wa magoli. Baadaye akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwenye vitongoji maskini vya Cape Town. Mkimbizi kama sisi.

Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilikuwa Burkina Faso. Habari ikafika kwamba Ndaye amekufa, kwamba alifia kwenye mgodi wa almasi Angola. Uwanja ukasimama dakika moja ya kimya kumuombolezea. Na Ndaye yuko hai, Afrika Kusini! Alifariki kweli Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, yaani miaka zaidi ya ishirini baada ya kuombolezwa.

Tufikirie uwanja ule. Walikuwepo watu wa shirikisho, makocha, wachezaji wa zamani, watangazaji wa nchi nyingi. Waliocheza walikuwepo, na ambao hawakucheza walikuwepo. Habari ya uongo ilipita katikati yao wote mpaka ikasimamisha uwanja. Mkimbizi akiondoka kwao anakuwa rahisi kuuawa kwa mdomo. Sisi tunajua. Wapo hapa kambini ambao nyumbani wamekwisha kuliliwa, na wapo tuliowalilia sisi, halafu simu ikaita.

Mkono mdomoni

Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali, Congo na Côte d'Ivoire. Tulibanana watu wengi kwenye simu moja. Wimbo wa taifa unaanza, wachezaji wetu na kocha wao Sébastien Desabre wanafunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wanaweka vidole viwili kwenye upande wa kichwa, kama bastola.

Tulikaa kimya. Mama mmoja aliyekuwa anapita na jagi la maji akasimama, akaangalia, akajipangusa macho, akaenda. Hajui mpira hata kidogo yule mama. Hajui kuotea ni nini. Lakini hakuhitaji mchambuzi wa kumwambia vijana wale wanasema nini: watu wanauawa mashariki ya Congo na dunia imefunga mdomo.

Hapa hatuandiki siasa, na wengi wetu tuna sababu za kuwa waangalifu. Tunaandika mpira. Mechi ile tulipoteza 1-0, bao la Haller. Ukitaka kuchambua bao la Haller, mlete Papa Kochi, atakueleza vizuri kuliko sisi wote. Lakini tukio kubwa la jioni ile lilitokea kabla ya filimbi, na kwa tukio hilo mchambuzi bora wa kambi nzima alikuwa mama wa jagi.

Ndo maana sasa tunaona swali "ulicheza wapi" ni dogo mno. Linaangalia miguu ya msemaji tu. Haliulizi kama kabla ya kusema alimwendea yule anayemsema.

Nani aseme juu yetu

Ndugu wa mashirika, mtakuwa mmekwisha kuona tunakoelekea, na tutasema wazi bila kuwakosea heshima.

Kila wiki kuna mtu anaandika juu yetu. Kuna ripoti, kuna fomu, kuna mkutano Kigali au Geneva ambako mtu anasimama na kusema: wakimbizi wanahitaji hiki, vijana wao wana tabia hii. Wengi wa wasemaji hao hawajawahi kukimbia. Hawajalala kwenye hangari mvua ikipiga turubai. Na sisi, tukikasirika, tunasema maneno yaleyale ya Papa Kochi: we ulikimbiaka wapi?

Tumeamua kuacha kusema hivyo, angalau sisi wa kikundi hiki. Tumemuona daktari ambaye hajawahi kukimbia akamponya mtoto wetu. Hatukumuuliza alitoka vita gani. Tunachoomba ni kile ambacho Mwepu hakupewa: kabla hujaandika kwamba kijana huyu ni mvivu, hahudhurii mafunzo, hataki kazi ya kujitolea, nenda umuulize mguu wake una nini. Ukikosa nafasi ya kumuuliza, andika kwamba hukumuuliza.

Na sisi vijana tusijidanganye. Kukimbia hakukutufanya tuwe wachambuzi wa wakimbizi wote. Aliyekuja kwa gari hajui njia ya aliyekuja kwa miguu. Mvulana hajui foleni ya maji ilivyo kwa msichana akienda usiku. Aliyefika juzi hajui moyo wa mtu aliyezaliwa kambini. Papa Kochi alicheza miaka mingi, na kidonda hakukiona. Kukaa ndani ya jambo kunakufundisha mengi, lakini saa ingine kunakufanya uache kuuliza, juu unafikiri unajua tayari.

Tulivyofanya

Tulienda kwa Papa Kochi, vijana wanne. Tulimheshimu kama mzee wetu, hatukwenda kumshitaki. Tulimsimulia habari ya Mwepu. Alikuwa anaijua zaidi yetu, 1974 alikuwa mtoto Bukavu, alisikiliza kwenye redio ya jirani. Alituambia kitu ambacho hatukukisoma popote: baada ya zile 9-0, mtaani kwao watoto waliokuwa wanajiita majina ya Leopards waliacha kujiita majina hayo. Walikuwa wanaona haya. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na miye nilicheka Mwepu. Miaka mingi."

Jioni ileile alikwenda hangari tano. Hatujui alimwambia nini yule beki, wala hatukuuliza. Kwa kijana wa magongo alikwenda siku iliyofuata, akamwambia mbele ya watu, "Leta daftari yako tuone."

Sasa megafoni ni ya wawili. Kijana anatangaza: nani ana mpira, dakika ya ngapi, matokeo ya mechi iliyopita yalikuwa nini. Papa Kochi anachambua: kwa nini yule alikata ndani, kwa nini kipa alitoka mapema. Wanakosana mara nyingi. Jumamosi ya kwanza Papa Kochi alisema hangari mbili haijawahi kushinda upande wa mteremko, kijana akafungua ukurasa akamuonyesha mechi mbili. Watu walicheka kuliko siku ya kidonda, lakini kicheko hiki hakikuwa na mtu chini yake.

Tumeweka sheria moja tu, tumeiandika kwa makaa kwenye ubao wa nyuma ya goli: juu ya mpira sema unavyoona, juu ya mtu uliza kwanza. Mchezaji akikaa chini, hakuna kusema neno mpaka mmoja wetu amekimbia kumuuliza. Kazi hiyo ya kukimbia na kuuliza tumempa msichana mmoja wa miaka kumi na nne. Anakimbia kuliko mabeki wote, na hana aibu ya kuuliza mtu mkubwa.

Beki wa hangari tano bado hajarudi uwanjani. Anafungwa bandeji kila baada ya siku mbili. Anakaa karibu na meza ya megafoni, na kijana anamwandikisha yeye kona na makosa ili asichoke kukaa.

Jumamosi hii hangari tatu na hangari tano wanarudiana, saa tisa, kama mvua haitanyesha. Wa mashirika mnakaribishwa. Njooni na maji ya kunywa, na kama kuna aliyecheza zamani, mpira hatuna wa akiba lakini viatu namba 42 viko.